Mikono Miwili Kanisani Ruiru

Mwaka ule wa hamsini na tisa, ukitaka kujua Thika inafikiria nini, hukwenda ofisini kwa D.O., yule bwana shauri wa serikali. Ulikwenda nyuma ya stesheni ya reli, kwa Musau. Musau alikuwa Mkamba aliyejifunza kupika kahawa Mombasa, akarudi bara na birika la shaba, tangawizi ya kusaga na maringo yasiyopungua hata siku ya mvua. Benchi lake lilikuwa taruma la reli juu ya mawe mawili, na kila mtu alikuwa na mahali pake. Mwisho kule alikaa Ndung'u wa Kiandutu, aliyeitwa Redio kwa sababu alitangaza habari hata kabla haijatokea. Katikati alikaa Ephantus, aliyeitwa Wakili kwa vile aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya ng'ombe na akaona utamu wake. Pembeni alikaa Nzioka, aliyeitwa Kapteni, ijapokuwa huko Burma alikuwa mpishi wa jeshi. Na wa nne alikuwa Mzee Nicanor Ajwang, Mjaluo wa Karachuonyo, fundi wa boila katika kiwanda cha mkonge, aliyestaafu juzijuzi tu. Huyu walimwita Maji Moto. Alikuwa Msabato, na Wasabato kahawa hawanywi wala chai hawanywi, basi Musau alimtilia maji ya moto na sukari kwa kikombe kile kile cha wenzake, naye akayapuliza na kuyanywa kwa heshima zote. Wala hakuna aliyemcheka, isipokuwa kila siku.

Ijumaa moja, jua likianza kushuka upande wa Gatanga, Redio ndiye aliyegundua.

— Musau, hebu angalia hiyo kikombe ya mzee. Imepoa. Mzee hajagusa hata kidogo.

— Leo anataka kahawa, akasema Kapteni. Nilijua tu. Hata mimi nikinusa hii tangawizi siwezi kuokoka.

— Mimi sitaki kahawa, akasema Nicanor. Ni Mama Dorka.

Akajuta papo hapo. Mzee mwenye mvi zake haleti mambo ya nyumba yake kijiweni, hasa kijiwe chenye mtu anayeitwa Redio. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limemjaa mpaka kooni, na masaa yalikuwa yanamwishia. Jua likizama ni Sabato. Kesho asubuhi Mchungaji angekuja tena kanisani Ruiru, angemtazama usoni na kutaka jibu. Na jibu lilikuwa kwa Selpha, Mama Dorka, mke wake, ambaye wiki nzima hakuwa amemwambia kitu isipokuwa ndiyo na sawa.

— Mama Dorka ni mgonjwa? akauliza Musau, akiweka birika chini. Huyo mama ndiye alimzalisha bibi yangu mtoto wetu wa pili, usiku watu wote wamelala.

— Si mgonjwa. Amenyamaza. Namwambia chakula kitamu, anasema sawa. Namwambia nyumba inavuja, anasema sawa. Jana nimemletea leso mpya kutoka kwa Mhindi, ya maua. Ameikunja vizuri, ameiweka ndani ya sanduku. Amesema sawa.

— Ngai! akasema Redio. Hiyo sawa ni mbaya.

— Mbaya sana, wakakubali wote.

— Kisa ni nini? akauliza Wakili, akivuta suruali yake magotini kama mtu anayefungua kesi. Anza mwanzo, mzee. Usiruke kitu.

Nicanor akajaribu kuanza katikati, Wakili akamrudisha, basi akaanza mwanzo.

— Ni hivi. Sabato iliyopita Mchungaji alikuja na ombi. Kuko nchi inaitwa Buha, huko Tanganyika, mbali, kule karibu na ziwa la Kigoma. Kanisa imefungua kituo huko. Walipeleka vijana wawili, wamesoma, wanajua Biblia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Watu wa huko wakawasikiliza na adabu, halafu mzee mmoja akauliza: hawa vijana wana watoto wangapi? Wamewahi kuzika nani? Vijana wakakosa la kusema. Wakarudi. Sasa Buha wanataka mzee na mama, watu wa mvi. Wakae nao miaka miwili, wawafundishe kusoma, kushona, kutunza wagonjwa na akina mama wajawazito, na kuomba Mungu.

— Mshahara? akauliza Kapteni.

— Hakuna.

— Nauli?

— Yako mwenyewe. Na unga yako mwenyewe. Na mzee peke yake hawataki. Lazima mtu na bibi yake.

— Aiya! Na watu wakasemaje?

— Watu wakaangalia viatu vyao, akasema Nicanor. Wazee wote, wale ambao huomba maombi marefu mpaka viazi vinaungua nyumbani. Kimya. Mchungaji akauliza mara ya pili. Kimya. Mimi nikasimama. Nikainua huu mkono.

Akauinua wa kulia, mkono wenye kovu la mvuke tangu kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole gumba, ili wauone.

— Halafu nikakumbuka ni watu wawili wanatakiwa. Nikainua na huu.

Akauinua na wa kushoto.

— Huo wa nini?

— Huu ni wangu. Huu ni wa Mama Dorka.

Benchi likalipuka. Redio aliruka akasimama. Kapteni alipiga saluti ya Burma, ile ya kijiko mkononi. Hata Musau, ambaye hakuwa mtu wa kushangaa ovyo, alitikisa kichwa na kumwongezea mzee sukari katika maji ambayo hakuyanywa.

— Mikono miwili! akapiga kelele Redio. Huyo ndiye mwanaume! Mtu moja anasimama kanisani kama watu wawili!

— Na kanisa? akauliza Wakili.

— Mchungaji akasema atakuja Sabato ijayo kutaka jibu la mwisho. Kanisa lote likasema amina.

— Wanawake pia?

— Hiyo sijui. Wao hukaa upande wa kushoto, sisi kulia. Mwanaume hageuzi shingo kutazama upande wa wanawake.

— Hapana, hiyo haifai, akasema Wakili kwa uzito.

Redio akakaa tena, lakini taratibu, na sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya kutangaza.

— Mzee, hebu fikiria. Mimi kwenda Ruiru tu, Kiuu pale, kuona dada yangu amejifungua, naomba pasi, nangoja, naambiwa rudi kesho. Na ni hapa tu mtu anaweza kutembea na miguu. Wewe unaitwa nchi ya nje, unasema niko hapa, sisi wawili. Mimi nakupenda kwa hiyo maneno. Nasema ukweli.

Mambo ya pasi, ile karatasi ya D.O. ya kuruhusu safari, hayakuwa ya kuchezea, na kila mmoja alikuwa na yake.

— Lakini mzee, akasema Kapteni, mimi nataka kuelewa. Umekaa mbele ya moto ya kampuni mpaka nyusi zako zimeisha. Umestaafu. Nyumbani umejenga, si ulituambia? Mabati, dirisha za kioo. Ng'ombe wanakungoja. Sasa badala ya kwenda kukaa kivulini kama mtu, unatafuta taabu huko Buha. Kwa nini?

Swali hili Nicanor alilipenda, kwa sababu jibu lake alilijua.

— Nilipokuwa mtoto, akasema, kwetu walikuja mzee mmoja na mke wake. Wanyasa, kutoka Nyasaland. Watu weusi kama sisi. Wazee, hawana meno mengi. Walikuja kwa miguu sehemu kubwa, na sehemu ingine kwa meli. Walikaa kwa boma ya baba yangu. Yule mzee alimfundisha baba kusoma akiwa tayari ana wake wawili na madeni ya ng'ombe. Baba alikuwa analia kama mtoto, herufi hazikai. Mzee anamwambia, tulia, hata mimi nilianza hivi. Mtu alitoka Nyasaland, hana undugu na sisi, hana kitu anataka kwetu. Sasa mimi nikiambiwa kuna baba ya mtu huko Buha anangoja, nitaangalia viatu?

Musau alijifuta uso na kitambaa cha kufutia vikombe, akasema ni moshi wa makaa. Walimheshimu sana mzee huyu wakati ule, kila mmoja kwa namna yake, na kama angaliondoka hapo basi angaliondoka shujaa.

Lakini Wakili hakusahau kesi.

— Sasa turudi kwa mama. Kwa nini amenyamaza?

Na hapo ndipo akili za Thika zilipofunguliwa milango yote.

— Ni simba, akasema Redio. Hiyo ni simba tu. Buha kuna simba hawali ng'ombe. Ng'ombe wanapita karibu, simba inapiga miayo. Inangoja mtu. Na ikikuta wageni inafurahi zaidi kwa sababu wenyeji imewazoea. Mama amesikia hiyo habari.

— Amesikia wapi?

— Habari haikosi njia.

— Simba hapana, akasema Wakili. Mama aliyekaa laini za vibarua wa mkonge Ruiru miaka yote hiyo, na wale nyoka, ataogopa simba? Hii ni sheria. Sikiliza. Mtu akivuka mpaka wa Koloni, ndoa inasimama. Haivunjiki, inasimama tu, kama saa haijatiwa ufunguo. Kule Tanganyika yeye si bibi yako, ni mama tu anatembea karibu na wewe. Ukifa huko, ndugu yako anachukua nyumba ya mabati na dirisha zake. Mama ameuliza mtu anayejua sheria.

— Mtu gani anayejua sheria?

— Hakuniuliza mimi, lakini wako wengine.

Kapteni alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama daktari anayesikiliza wauguzi wakikosea.

— Nyinyi hamjui wanawake. Mimi nimepika kambi tatu. Huyu mama anajua kuna bibi mwingine Tanganyika.

— Bibi wa nani?

— Wa mzee.

— Mimi? Nicanor akashtuka. Mimi sijawahi kukanyaga Tanganyika!

— Hiyo ndiyo inamtia mama shaka! Mtu hajawahi kwenda mahali, hana ndugu huko, hana shamba huko, halafu anainua mikono miwili kwenda. Mama anajiuliza, huyu anamkimbilia nani? Wakati ya vita ulikuwa wapi?

— Kwa boila! Vita yote nilikuwa kwa boila, kamba za jeshi zilikuwa zinataka mkonge!

— Boila haiwezi kuwa shahidi, akasema Wakili.

Wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Nicanor naye alicheka, kwa adabu, lakini moyo wake haukuwemo. Alikuwa anamfikiria Selpha. Tangu siku alipomtoa Karachuonyo akiwa msichana wa shingo ndefu anayecheka kwa sauti, nyumba yao haikuwahi kukosa kelele zake. Alikuwa akisonga ugali anaimba. Alikuwa akifua anagombana na sabuni. Wiki hii mzee alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza mfuniko wa sufuria tu, ukifunuliwa na kufunikwa. Alimpenda mke wake, na lilikuwa jambo ambalo hakulisema kwa mtu lakini alilijua vizuri, na ukimya ule ulimwogopesha kuliko simba wote wa Redio. Alijiona kesho amesimama mbele ya Mchungaji, peke yake, anasema samahani, mama amekataa. Aliwaona watu wa Buha wakingoja tena, mwaka, miaka, mzee asiyekuja.

— Mimi nasema hajakasirika, akasema Musau, ambaye alikuwa akichochea makaa. Mama anajifunza Kiha.

— Anajifunza nini?

— Lugha ya huko. Mtu akitaka lugha mpya iingie, ya zamani inanyamaza kwanza. Mimi nilipofika Mombasa nilikaa mwezi mzima bila kusema. Watu wakafikiri ni bubu, wakanipa chakula bure.

— Musau, hiyo lugha inatoka wapi? Hewani?

— Mambo ya Mungu huyawezi, wewe.

— Hapana, hapana, akasema Redio, na sasa alikuwa amesimama tena. Nimeona yote. Ngojeni. Buha iko karibu na Kongo, si ndiyo? Na Kongo iko na Wabelgiji, na Wabelgiji wako na migodi. Nani anajua moto? Fundi wa boila! Mchungaji ni mtu mzuri, sisemi kitu, lakini yeye mwenyewe amedanganywa. Mzee atafika huko na Biblia yake, siku ya tatu anaamka amevaa kofia ya taa, yuko chini ya ardhi, anachochea moto ya Mbelgiji. Mama ameota hii ndoto. Mwanamke huota. Ndiyo amenyamaza, anaogopa akisema itatokea!

Hapo wote wakabaki wakimtazama Nicanor kwa huruma, kana kwamba kofia ya taa tayari iko kichwani.

Wakati huo mtu mmoja mgeni alikuwa amefika akasimama pembeni ya benchi, akingoja wamalize. Alikuwa mwembamba, wa makamo, na panga lake lilikuwa limefungwa kwa gunia. Ukitazama vidole vyake vyenye makovu ya miiba ungejua ni mkata mkonge.

— Hamjambo wazee, akasema. Naomba kahawa.

— Hatujambo. Karibu. Kiswahili hicho ni cha wapi? akauliza Redio, kabla kikombe hakijajaa.

— Tanganyika. Mimi ni Muha, wa Kasulu. Nimekuja kwa mkataba wa mkonge.

Haiya! Benchi zima likageuka. Wakamsogezea nafasi, akakaa katikati yao, na maswali yakamwangukia kabla hajapiga funda la kwanza. Simba wako? Wako wachache, akasema, porini, kama hapa kwenu nadhani. Wabelgiji? Wako ng'ambo, kwao. Mtu akivuka mpaka ndoa inasimama? Mgeni alimtazama Wakili kwa muda, akasema hilo hajalisikia. Wakamweleza basi habari yote, wakipokezana na kusahihishana: Mchungaji, vijana wawili waliorudi, mzee huyu hapa, mikono miwili, amina ya kanisa, na sasa mama amenyamaza wiki nzima na kesho jibu linatakiwa, na hakuna ajuaye sababu.

Muha alisikiliza. Alimtazama Nicanor kwa heshima kubwa, akainama kidogo, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

— Baba, ahsante. Kwetu watafurahi.

Halafu akanywa kahawa yake, akatua kikombe gotini, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza njia:

— Na mama alipoulizwa, alijibu nini?

— Alipoulizwa na nani? akasema Redio.

— Na baba.

Wakili akatazama chini kutafuta kitu mchangani. Kapteni akamtazama Musau, Musau akatazama birika, na mmoja baada ya mwingine wakageuka kumtazama Nicanor, maana jibu hilo ni yeye tu angekuwa nalo.

Nicanor alikuwa analitafuta. Alilitafuta kwa bidii. Sabato ile ile, wakirudi kutoka Ruiru nyuma ya lori la nanasi, alimwambia Selpha kwamba sanduku kubwa litatosha. Jumapili alimwambia kuku wapewe jirani. Jumatatu alimwambia huko ni baridi, abebe blanketi. Alimwambia na alimwambia, na katika yote hayo hapakuwa na swali hata moja. Wala siku alipomleta Ruiru hakumuuliza. Wala siku walipohamia Thika. Joto likampanda usoni kama mtu aliyefungua mlango wa boila kwa ghafla.

— Sikumuuliza, akasema.

— Sasa, akasema Wakili haraka, kumtetea, mwanaume anauliza bibi yake? Hiyo ni desturi ya nani?

— Mimi sijui desturi, baba, akasema Muha. Nauliza tu kwa sababu nyumbani kwetu, wakija wageni, mzee atakaa nje na wazee. Mama ataingia ndani, na mama yangu na wenzake watamkalisha jikoni na kumuuliza yeye mwenyewe: wewe umekuja kutafuta nini huku? Ndiyo nikafikiria, atawaambia nini?

Treni ya mizigo ilipiga king'ora upande wa daraja la Chania, ikapita.

Na ndipo wakamwona Selpha mwenyewe, anatoka dukani na chupa ya mafuta taa mkononi na mche wa sabuni kwapani, vitu vya mwisho kabla ya Sabato. Alikuwa mama mnene kiasi, mrefu, anayetembea bila haraka. Alipofika mbele ya benchi akasimama kama ilivyo adabu.

— Habari zenu, baba watoto.

— Nzuri, mama, wakaitika, wote kwa pamoja, kama wanafunzi waliokutwa na kosa.

Angepita. Lakini Nicanor alisimama akavua kofia.

— Mama Dorka.

— Sawa, akasema Selpha.

— Mimi sijasema kitu bado. Nataka kukuuliza.

Kapteni alikohoa, akitaka kumwokoa. Mambo kama haya husemwa nyumbani, mlango umefungwa. Nicanor alimsikia na hakumjali. Mbele ya watu ndipo alipomkosea, na hata akiogopa vipi, alitaka kulinyoosha mbele ya watu.

— Mchungaji anataka watu wa kwenda Buha, akasema. Miaka miwili. Ni mbali, hatujui mtu isipokuwa mgeni huyu hapa, Muha wa huko. Nakuuliza wewe. Unataka tuende?

Selpha aliweka chupa chini, juu ya taruma, akahakikisha imesimama vizuri.

— Unaniuliza ama unaniambia?

— Nakuuliza.

— Nikikataa?

Hilo lilikuwa gumu.

— Ukikataa, kesho nitasimama mbele ya kanisa lote niseme nilikusemea uongo. Tutaenda nyumbani Karachuonyo. Nitasikitika, siwezi kukuficha, nitasikitika sana. Lakini sitakununia.

Selpha alimgeukia mgeni, ambaye alikuwa amesimama kwa adabu na kikombe chake.

— Wewe mwanangu ndiye wa huko?

— Ndiyo, mama.

— Wanawake wa kwenu wanajifungulia wapi?

— Nyumbani, mama. Hospitali ni mwendo wa siku mbili.

— Mkunga yuko?

— Yuko mmoja. Mzee sana, macho yake hayaoni vizuri. Mwaka juzi dada yangu alishikwa na uchungu usiku, na... Akaacha hapo.

— Na mtoto?

— Mtoto pia.

— Pole, mwanangu, akasema Selpha. Pole sana.

Akakaa kimya, na ukimya huu haukuwa ule wa wiki nzima. Nicanor aliitambua tofauti. Alipoanza kusema, alimwambia mume wake, lakini hakushusha sauti, na benchi lote likasikia.

— Baba Dorka, mimi nilikuwa nimekubali kabla Mchungaji hajafunga mdomo. Alipotaja hao akina mama wanaongoja, nikasema moyoni, Selpha, ni wewe. Mikono hii imepokea watoto wa laini zote mbili, Ruiru na hapa. Nikasema ngoja apumue, nitasimama. Nikashika kiti cha mbele nisimame. Halafu nikasikia amina, nikaangalia huko kwenu, nikaona mtu amekwisha kusimama na mkono wangu juu. Wanawake wote wakanigeukia, wanasema hongera. Hongera ya nini? Mimi sikufanya kitu! Ilikuwa ni neno langu na Mungu, la kwanza kubwa maishani mwangu, na wewe ukaninyang'anya.

Nicanor alisimama na kofia mkononi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Alikuwa amefikiri wiki nzima kwamba mke wake hataki kwenda.

— Nisamehe, akasema.

— Nimekasirika bado.

— Najua.

— Nitakasirika mpaka Voi hivi.

— Hata mpaka Kigoma. Lakini utaenda?

Selpha akakaza leso kiunoni. Redio, aliyekuwa anashika pumzi, alionekana kama mtu anayetaka kupasuka.

— Nitaenda, akasema. Lakini kesho Mchungaji akiuliza, mimi nitasimama upande wetu, niseme mwenyewe kwa mdomo wangu. Nitasema kwa nini naenda, na nitasema mpaka nimalize. Wewe utakaa chini.

— Nitakaa.

— Hata nikisahau maneno.

— Hata ukisahau. Nitakaa chini ninyamaze.

— Usinyamaze mpaka mwisho, akasema Selpha. Amina utasema, kama watu wengine.

— Hiyo nitasema wa kwanza!

Hapo Selpha akacheka, kwa ile sauti yake kubwa, mara ya kwanza tangu Sabato iliyopita, na Nicanor akaiinua chupa ya mafuta taa, akawaaga wenzake, wakaenda zao nyumbani kabla jua halijazama.